Injinia wa Pumba

Wapo watu ambao Mungu amewapa mashamba, wengine akawapa ng'ombe, na wengine akawapa mabega ya kubebea magunia pale mpakani. Yassir wa Korogwe alipewa ulimi. Na kwa kuwa ulimi haulimwi wala haukamuliwi, ilimbidi autembeze mji hadi mji kuutafutia masikio.

Asubuhi moja ya mwaka 2011 ulimi huo ulikuwa Tunduma, mtaa wa Sogea, umeloweshwa kwa chai ya rangi isiyo na kitafunwa. Yassir alikuwa amekaa kwenye benchi la mama ntilie, miguu ameikunja ili soli ya kiatu iliyopasuka isionekane, macho yanazurura barabarani. Alikuwa amekuja mjini hapa kubadilisha kwacha, akakuta wabadilishaji wa Tunduma wana vidole vya ajabu: wanamhesabia mtu noti machoni pake, wanakubaliana idadi, wanapeana mikono, na mtu akifika nyumbani anakuta pungufu. Mjanja akikutana na waliomzidi hafanyi nao vita. Anatafuta uwanja mwingine.

Akiba alikuwa nayo. Aliipata Mbalizi kwa kuuza dawa ya kunguni ambayo kunguni waliipenda sana. Ilikuwa imeshonewa ndani ya bitana ya koti lake, na aliapa haitaguswa hata njaa imkwangue utumbo.

Ng'ambo ya barabara ilikuwapo mashine ya kukoboa mpunga na kusaga nafaka ya Mzee Ezron. Mpunga ulitoka Msangano kwa malori, ukaingia mashineni na kutoka mchele mweupe, na pumba zikatupwa nyuma. Miaka kadhaa ya kutupa ilikuwa imezaa mlima. Siku hiyo chini ya mlima alisimama bwana afya, mikono kiunoni, anafoka.

"Mzee Ezron, pumba zimefika madirishani kwa watu! Upepo ukivuma wanakula pumba, wanalala na pumba, wanaota pumba!"

"Sasa nizipeleke wapi, bwana afya? Ng'ombe hawazitaki, kuku wanazichambua na kuziacha. Nikizichoma, moshi unavuka mpaka, Zambia walalamike."

"Utajua mwenyewe. Mwezi ukiisha ziko hapa, nafunga mashine."

Wakati huohuo wanawake wawili walipita karibu na benchi, mmoja na ndoo tupu kichwani. Walikuwa wakilalamikia mkaa. Maafisa misitu walikuwa wamekaza kamba, kila gunia linalotoka porini linakamatwa njiani, na mkaa wa Tunduma sasa ulipimwa kwa kikopo kama sukari ya mgonjwa.

Mambo hayo mawili yaliingia katika kichwa cha Yassir kwa milango tofauti. Yakakutana sebuleni, yakasalimiana, yakaoana palepale.

Alimwomba mama ntilie vumbi la mkaa lililobaki chini ya gunia. Akalikoroga kwa uji wa muhogo, akalishindilia kwenye kopo la maziwa, akalianika juu ya bati la nyumba aliyopanga chumba. Lilipokauka alikuwa na tonge jeusi, gumu, la mviringo, zuri kama limetoka kiwandani. Akaenda mnadani, akanunua miwani ya mtumba isiyo na nguvu yoyote ya kusomea. Alipoivaa alibadilika, akawa mtu ambaye amewahi kulala Ulaya.

Mzee Ezron alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, mwenye imani kubwa kwa Mungu na ndogo sana kwa wanadamu. Watu walisema redio yake huizima yakianza matangazo ya biashara ili kuokoa betri.

"Shikamoo, mzee," Yassir alisema.

"Marahaba. Kama umekuja kukoboa, panga foleni. Kama umekuja kuomba, mke wangu kasafiri."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukupa pole."

Mzee Ezron alishtuka. "Pole ya nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeona mali yako imemwagwa nje kwenye jua na mvua, nikasema mzee huyu ama amefiwa ama ana maadui."

"Zile? Zile ni pumba, kijana."

"Zile ni mkaa, mzee. Ila haujaamshwa."

Yassir akatoa leso, akaikunjua polepole kama anayefunua mtoto mchanga, na tonge jeusi likaonekana. Mzee Ezron alilichukua. Akalinusa, akaligonga mezani, na alipoona hakuna anayemtazama isipokuwa Yassir, akalilamba kidogo.

"Hii ilikuwa pumba?"

"Ilikuwa. Sasa imeokoka."

Mzee wa kanisa hakuweza kulipinga neno hilo. Macho yake yalitoka kwenye tonge, yakapanda mlimani, yakaanza kupanga magunia. Yassir aliyaona yakipanga, akakaa kimya. Kanuni yake ilikuwa kwamba siku ya kwanza huombi kitu. Anayeomba ni ombaomba. Asiyeomba ni mwekezaji.

Akajifanya anatazama mazingira. Mlango wa ghala ulikuwa wazi nusu, na ndani aliona magunia yamepangwa hadi darini. Harufu yake aliijua. Mzee Ezron alikuwa akinunua kahawa kwao Isansa na kuilundika hapa akisubiri bei.

"Na hii njia ya nyuma ya mashine, mzee, inatokea wapi?"

"Inateremka moja kwa moja hadi Nakonde, upande wa Zambia. Njia ya panya. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Mambo ya mazingira."

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mpana, beseni la kimea kichwani, anasubiri zamu ya kusaga. Huyu alikuwa Ferista, mpishi wa pombe ya komoni, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nesta kwa jina la bintiye. Nyumba yake yenye kilabu ilipakana na mashine, na mapipa yake ya pombe yalikula kuni kama treni ya zamani.

"Mama Nesta!" Mzee Ezron aliita. "Njoo uone. Huyu injinia anasema pumba zinageuka mkaa. Mimi kwetu Isansa mtu hanunui ng'ombe kwa kuonyeshwa kwato. Mchukue, akachome kwako. Zikiwaka, nitaongea naye kiutu uzima. Zisipowaka, mtoe kwa ufagio."

Ferista alimtazama Yassir kuanzia miwani hadi kiatu kilichopasuka. Alikawia kidogo pale kwenye kiatu.

"Karibu, Injinia," alisema. "Uwanja upo, mapipa yapo, na ufagio upo."

Yassir hakuwa amepanga kuchoma kitu. Katika usanii wake wote hapakuwahi kuwa na hatua inayoitwa kazi. Mtu huonyeshwa sampuli, anatoa chake, msanii anakula kona. Hivyo ndivyo dunia ilivyokwenda. Lakini alikuwa ameiona ile kahawa, na kahawa ikivuka mpaka haiulizwi ilitoka kwa nani. Akakunja mikono ya shati.

Jaribio la kwanza alichanganya pumba mbichi na uji wa muhogo, akafinyanga, akaanika, akawasha. Moshi uliotoka ulikuwa mweupe, mzito, wenye nia mbaya. Uliingia kilabuni, wanywaji wa komoni wakatoka wanalia, na mmoja wao akaanza kutubu dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza. Majirani walikuja mbio na ndoo.

"Injinia," Ferista alisema akipepea kwa khanga, "huu ni mkaa au ni dawa ya mbu?"

"Hii ni hatua ya kwanza, mama. Kitaalamu inaitwa hatua ya moshi."

"Na ya pili inaitwaje?"

"Ya pili," Yassir alisema huku machozi yakimtiririka nyuma ya miwani, "tutaijua tukiifikia."

Waliifikia kwa bahati mbaya. Alikuwa amejaza pumba kwenye pipa na kuziwasha chini, akitumaini kwamba moto wenyewe utajua la kufanya. Pipa lilikuwa limeanza kufuka aliposikia sauti ya bwana afya ikiingia uani. Yassir akanyakua kipande cha bati, akafunika pipa, na kwa kuwa moshi uliendelea kuchungulia pembeni, akapanda juu yake, akakaa.

"Nasikia harufu ya moshi hapa," bwana afya alisema.

"Ni mama anapika," Yassir alijibu kwa utulivu. Bati lilikuwa vuguvugu.

"Wewe ni nani?"

"Mgeni wake." Bati sasa lilikuwa la moto.

Bwana afya, kama ilivyo kawaida ya watu wa aina yake, hakuwa na haraka. Alieleza sheria ya vyoo. Akaeleza sheria ya mashimo ya taka. Yassir alikaa pale anatabasamu, jasho linamtoka puani, akibadilisha upande wa kulia na wa kushoto kama mtu anayesikiliza muziki mzuri. Alipoanza kuelezwa historia ya kipindupindu wilayani, alipiga ukelele mmoja mfupi na kusema ni furaha ya kukutana na mtaalamu. Bwana afya alipotoka, suruali ya Injinia ilikuwa na dirisha, na Ferista alikuwa amejishikilia kwenye nguzo ya kilabu, hana nguvu za kusimama kwa kucheka.

Pipa lililala limefunikwa kwa sababu hakuna aliyetaka kulisogelea. Kesho yake walipofunua, pumba hazikuwa jivu. Zilikuwa nyeusi tititi, nzimanzima, nyepesi, zinang'aa. Yassir akazikoroga kwa uji wa unga wa muhogo uliovunda, akashindilia kwenye makopo, akaanika. Jua la Tunduma lilifanya yaliyobaki. Siku walipoziwasha, Ferista aliinjika sufuria ya maharage makavu, yale magumu ambayo huwa yanakula kuni za siku nzima, wakakaa kusubiri.

Moto ulishika bila moshi. Ukatulia, mwekundu, mpole, hauna haraka. Maharage yakachemka, yakaiva, yakalainika, na moto bado upo.

Ferista alipakua maharage kwenye bakuli, akamsogezea Yassir, naye akala. Yassir alijiona kama mtu aliyemdanganya mwajiri wake kwamba ana homa, kisha akapimwa na kukutwa anayo.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama punda. Alijiambia ni kwa ajili ya kahawa. Lakini asubuhi alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda kugeuza matonge yaliyoanikwa, na mara moja alimkaripia mteja wa komoni aliyekanyaga moja. Jasho lilikuwa la halali, na halikuwahi kumtoka jasho la namna hiyo tangu alipokimbia shamba la mkonge la mjomba wake.

"Kwa makopo haya tutazeeka," Ferista alisema siku moja, akifuta masizi usoni. "Na nikwambie ukweli, Injinia. Mzee Ezron haamini kitu kisicho na chuma. Mletee mashine, hata ya kuzungusha kwa mkono, uone kama hatakupa chochote unachotaka."

"Chochote?"

"Chochote kilichomo ghalani."

Yassir alilala juu ya wazo hilo. Asubuhi akachana bitana ya koti. Ilimuuma, lakini mvuvi asiyetia chambo anarudi na ndoano. Akavuka hadi Nakonde kwa fundi mmoja wa kuchomelea, wakakubaliana, na baada ya siku chache fundi akawa amemtengenezea bomba nene lenye skrubu ndani na mpini mrefu pembeni. Pumba zikiingia juu, zinatoka mbele zimebanwa, nyeusi, ndefu, mfululizo. Fedha ya kunguni wote wa Mbalizi iliishia pale.

Mzee Ezron alipoiona ikitapika mkaa, alivua kofia.

"Hii ni ndogo tu, mzee," Yassir alisema, miwani inang'aa. "Ya mfano. Iko kubwa Lusaka, inatumia umeme. Kwa mlima wako ule, ukiwa na hiyo, Tunduma nzima itapika kwa jina lako. Lakini wenye nayo wanataka malipo ya kwanza."

Mzee Ezron aliguna. "Hela sina. Mali yangu yote iko kwenye kahawa."

Moyo wa Yassir ulirukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, lakini uso wake ulibaki wa msiba.

"Kahawa," alisema kwa kujivuta, kama mtu anayelazimishwa kuoa. "Basi. Tutafanyaje. Kahawa nayo ni hela, ila imevaa ganda."

"Na mimi nitajuaje kwamba utarudi?"

"Nitaiacha mashine hii kwa Mama Nesta. Iwe amana. Nikileta kubwa, ndiyo mnirudishie ndogo."

Mzee Ezron akamtazama Ferista, Ferista akatazama pipa lake. Mzee akanyoosha mkono, wakapeana. Kisha akampeleka Yassir ghalani, akafungua gunia moja, na kahawa ya Isansa ikaonekana, safi, kavu, rangi ya pembe ya ndovu. Akachota kiganjani, akaimwaga tena taratibu.

"Jumapili," alisema. "Sisi tutakuwa ibadani. Lwitiko wa mkokoteni atakupakilia, atakusindikiza hadi Nakonde. Bwana akutangulie."

Jumapili ilikuja na jua lake. Kwaya ilisikika kanisani ikipanda na kushuka. Lwitiko, kijana mpana wa kifua, alitoa magunia ghalani akayapanga kwenye mkokoteni, akayafunga kamba. Yassir hakugusa hata moja, injinia habebi. Alisimama kando na koti lake begani, anafukuza nzi kwa leso. Wakateremka njia ya panya, Lwitiko akisukuma mkokoteni huku anapiga mluzi, hata pale njia ilipopanda kidogo hakukata mluzi.

"Una nguvu sana wewe," Yassir alimsifu.

"Mungu anasaidia, Injinia," Lwitiko alijibu, akageuza uso upande mwingine, mabega yanamtikisika.

Nakonde alikuwapo mnunuzi mmoja aliyeitwa Simukonda, mzee wa Kinamwanga ambaye ndugu zake nusu wako upande huu na nusu upande ule, na biashara yake vivyo hivyo. Alimpokea Yassir dukani kwake kwa heshima zote, akamjulia hali.

"Mulishani, mukwai?"

"Bwino, bwino," Yassir alijibu, ambacho ndicho kilikuwa Kibemba chake chote.

Lwitiko alishusha magunia, akaaga, akaondoka na mkokoteni kwa mwendo ambao haukuwa wa kawaida kwa mtu aliyechoka. Simukonda alifungua gunia la kwanza. Kahawa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa kuwa alikuwa amezeeka katika kazi hiyo, akakunja mkono wa shati na kuuzamisha mkono hadi begani. Alipoutoa, alikuwa ameshika maganda. Maganda makavu, yale yanayobaki kahawa ikishakobolewa. Akayapuliza, yakaruka.

Akafungua la pili. Juu kahawa, chini maganda. La tatu hawakulionea huruma, walilimwaga lote sakafuni.

"Awe, mwebantu!" Simukonda alimaka, akakaa juu ya kreti ya soda. "Bwana, hii si kahawa. Hizi ni nguo za kahawa. Mwenyewe ametoka."

Akacheka mpaka akamwita mkewe aje kuona. Mke akaja, naye akawaita majirani. Yassir alisimama katikati ya maganda, mdomo wazi, ulimi wake kwa mara ya kwanza hauna la kusema. Aliwaza kwenda polisi. Akajaribu kuyapanga maneno kichwani: afande, nilikuwa natoroka na kahawa ya mtu, nimekuta si kahawa. Akayaacha.

Alipanda kilima cha kurudi Tunduma kwa miguu, hasira inamtangulia na soli ya kiatu inamfuata nyuma. Aliingia uani kwa Ferista kama upepo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake watatu walikuwa wanazungusha mpini wa mashine yake kwa zamu, wengine wanapanga mkaa juu ya mikeka. Mzee Ezron, bado na suti ya ibada, alikuwa amekaa kwenye kiti anakunywa soda. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, ameinunua kwa fedha yake, jambo lililowashangaza waliokuwepo kuliko mkaa wenyewe.

"Mmenitapeli!" Yassir alifoka.

Mpini ulisimama. Kicheko kikapasuka uwanjani kutoka pande zote. Hata Lwitiko, aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa, aliinuka ili acheke vizuri.

"Karibu, Injinia," Ferista alisema alipopata pumzi. "Lusaka hawajambo?"

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Mtu anayetaka kujenga kiwanda anauliza maji yako wapi, umeme uko wapi. Wewe uliuliza njia ya panya."

"Sasa kwa nini hamkunifukuza?"

"Nifukuze mtu anayenifanyia kazi bure? Mimi nilichukulia wewe ni kibarua wa kujitolea."

"Nipeni mashine yangu."

"Uliiweka amana mwenyewe," Mzee Ezron alisema kwa upole, kama anayesoma Zaburi. "Lete ile kubwa, uichukue. Neno ni neno."

Yassir akageuka aende zake, wapi hata hakujua, na hapo Ferista akamwita kwa sauti nyingine, isiyo na kicheko.

"Keti, kaka yangu. Kula kwanza. Tuna shida na wewe."

Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa hiyo aliketi. Ferista akaeleza. Yassir alipokuwa kwa fundi Nakonde, wao walijaribu kuupeleka mkaa sokoni. Haukuuzika. Watu waliuangalia, wakaambiwa umetokana na pumba, wakacheka na kupita. Walisema wamezoea kuingizwa mjini kwa dawa, kwa simu, kwa dhahabu ya Chunya, lakini kwa pumba, hapana, hiyo ni dharau.

"Tunasema kweli na hatuaminiki," alisema. "Wewe ulisema uongo, ukaaminiwa kwa muda na mzee ambaye hamwamini hata mkewe."

Mzee Ezron alikohoa kwenye soda.

"Ulimi huo tunautaka," Ferista aliendelea. "Kila gunia utakaloliuza lina fungu lako. Na mwaka ukiisha salama, nitamshauri mzee akurudishie mashine."

"Tutaliombea," alisema Mzee Ezron.

Yassir alitazama mikeka. Mkaa ulikuwa umepangwa vizuri, mweusi, umenyooka, lakini upande mmoja mtu alikuwa ameuweka mbichi juu ya mkavu, na ungevunjika. Akainuka, akaenda kuutenganisha.

Kesho yake alikuwa sokoni, amesimama juu ya kreti. Alikuwa amewahi kusimama juu ya makreti mengi na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Akafungua mdomo aseme mkaa huu umethibitishwa na madaktari wa India, akaufunga. Haikuhitajika. Akafungua tena aseme unafukuza wachawi. Haikuhitajika pia. Kilichobaki kilikuwa kifupi hadi akaona aibu kukisema.

"Jamani," alisema. "Huu ni mkaa wa pumba. Unawaka. Hautoi moshi. Bei yake ni nusu ya ule mwingine."

Watu walisubiri. "Halafu?" mmoja akauliza.

"Basi."

"Basi? Hakuna zawadi? Hautibu mgongo?"

"Hapana. Ni mkaa tu."

Mwanamke mmoja, Restuta, aliyekuja kununua nyanya, alimtazama kwa huruma. "Wewe kaka ni mwongo mkubwa."

Yassir alikuwa ameitwa mwongo kuanzia Tanga hadi Mbeya, na kila mara alilichukulia neno hilo kama mtu anayeitwa kwa jina lake. Leo lilimchoma mahali ambapo hakujua kama pana kitu.

"Mimi?" alisema, akashuka kwenye kreti. "Mwongo mimi? Dada, nimeuchoma huu mkaa kwa mikono yangu. Nimeungua! Naweza kukuonyesha nilipoungua!"

"Usinionyeshe," Restuta alisema haraka, maana watu walikuwa wameanza kusogea. "Nipe kikopo kimoja, unipishe nipite."

Akalipa, akaweka mkaa kwenye kikapu juu ya nyanya, akaenda zake. Hilo likawa lango la mauzo. Wengine walikuwa wameanza kutia mikono mifukoni. Lakini Yassir, ambaye miguu yake tangu ujana ilijua jambo moja tu mteja akishalipa, yaani kukimbia, alimwambia Lwitiko ashike biashara, akaanza kumfuata yule mama.

Alimfuata kwa mbali kupita nyuma ya soko, kupita kwenye foleni ya malori, hadi mtaa wa Mwaka. Restuta aliingia uani kwake. Yassir alisimama nje ya ua wa mabati. Akasikia jiko likiburutwa. Akasikia kiberiti, kisha mfuniko ukipepea. Kisha akamsikia anakohoa, na moyo wake ukateremka hadi kwenye soli.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Mimi. Wa mkaa."

"Umefuata nini huku? Nilijua tu! Umenipunja na sasa unataka kunikaba!"

"Hapana, dada. Nauliza tu." Alikaribia ua, akashusha sauti. "Umewaka?"

Mfuniko ulipepea mara nyingine, ukaacha.

"Umewaka."

"Na moshi? Nimesikia unakohoa."

"Nina mafua."

"Kwa hiyo moshi hauna?"

"Hauna."

"Kweli kabisa?"

"Wewe kaka, una akili timamu? Umewaka, hauna moshi, maji yanachemka! Nenda zako, mume wangu asije akakukuta hapa!"

"Ahsante, dada," Yassir alisema. "Ahsante sana."

Akavua miwani, akaitia mfukoni, akarudi sokoni kwa mwendo wa polepole, katikati kabisa ya barabara.